Kupima Mimbari London

Jumatatu, 15 Septemba 1952
Nimechonga mpaka saa kumi. Watu wamejipanga kuangalia patasi yangu. Maonyesho ya kazi za mikono yanafungwa kesho, meli yetu inaondoka Jumamosi. Jioni Yohana, karani wa Kinondoni anayetutafsiria, amenipeleka kwenye kanisa wanamozikwa wafalme. Wafalme wa mawe, wamelala chali, mbwa miguuni. Nimeshangaa kama mtoto. Lakini nilichokifuata ni mimbari. Imezungushiwa kamba na mlinzi kasimama. Nimeitazama kwa mbali tu.

Jumanne, 16 Septemba
Niandike ukweli, maana hakuna anayesoma. Mimbari niliyoutengenezea msikiti wetu mpya Temeke inayumba. Khatibu alipokanyaga kipandio cha tatu ililia kwaa, nusura aanguke. Msikiti mzima ukabana kicheko. Wazee wamesema nikirudi nikashindwa kuitengeneza, kazi anapewa fundi wa Kariakoo. Miaka ishirini ya useremala, halafu niaibike mbele ya mkwe wangu! Huku makanisa yana mimbari za miaka mia tatu na bado watu wanazipanda. Lazima nijue siri yake. Zimebaki siku nne.

Jumatano, 17 Septemba
Asubuhi, ngome ya kale kando ya mto. Kuna kunguru wanono, wanalishwa nyama kwa amri ya serikali. Yohana: "Hawa wanakula kutushinda sie." Nimecheka mpaka mbavu zimeuma. Kisha kanisa kubwa lenye kuba. Kuba gani hilo! Nimesema Subhanallah kwa sauti, watu wakageuka. Sikujali. Nimeshika mguu wa mimbari, nikafukuzwa. Hapo nilijali.

Alhamisi, 18 Septemba
Leo! Leo!
Kanisa dogo la zamani, kichochoroni. Halina mtu. Yohana alipiga magoti nyuma akasali. Mimi nikavua viatu chini ya mimbari, kama tunavyofanya kwetu, nikapanda na kuanza kupima kwa shibiri. Niliinama ndani kabisa, sionekani. Nje vimebaki viatu viwili tu.
Mtunza kanisa, mzee mwenye joho jeusi, ndivyo alivyovikuta. Kainua macho, na mimi nikachomoza kichwa. Nikajua ataniitia polisi, na meli itaniacha.
Yohana akaja mbio. "Bwana Mrisho, anauliza unataka kuhubiri?"
"Mpe shikamoo kwanza. Halafu mwambie nataka kujua kwa nini haiyumbi."
Mzee alitazama miguu yangu mitupu. Akacheka mpaka akashika nguzo. Akaleta taa, akafungua kimlango cha pembeni, tukaingia sote watatu chini ya ngazi, tumebanana, buibui kichwani. Nikaona. Ubao wa ubavuni ni mmoja, unaanzia sakafuni mpaka juu. Vipandio vimezama ndani yake na kukazwa kwa kabari. Hakuna msumari hata mmoja. Mimi niliunga mbao mbili fupi kwa misumari, ili nimalize kabla ya safari. Haraka zangu tu. Nimejiona mjinga na nimefurahi vibaya sana.
Yohana anasema nimerukaruka barabarani. Mwongo. Niliruka mara moja.

Jumamosi, 20 Septemba
Melini. Mawimbi. Wenzangu wanatapika, mimi nachora ngazi. Furaha tupu.

Jumapili, 9 Novemba. Temeke.
Nimeivunja mimbari yote. Mke wangu ameuliza kama nimerudi na wazimu. Wazee wamekuja kuona vipande, wameondoka wakitikisa vichwa. Mkwe wangu alikuwemo. Sasa naogopa.

Ijumaa, 16 Januari 1953
Khatibu amepanda mimbari mpya. Alienda polepole, anajaribu kila kipandio kwa kidole gumba cha mguu kabla ya kukanyaga. Akafika juu, akageuka, akakaa. Kilichosikika ni kanzu yake tu.
Sijui hotuba ilihusu nini, Mungu anisamehe. Nilikuwa nasikiliza mbao.