Kona Uliyoirudisha Ndani

Shikamoo, Baba. Marahaba yake niwekee, nitaidai tukionana, maana leo nina maneno mengi na mengine hayatakufurahisha.

Nyumba ya Mama imesimama. Ndiyo, ile ya Pasiansi uliyoiacha msingi mtupu. Lakini usishangilie bado, kwa sababu haikusimama kwa tofali. Doto ameleta kuta za kiwandani, Baba. Kuta nzima nzima, zimelazwa kwenye lori kama milango, kila moja ina namba yake na tundu la dirisha limeshakatwa. Ndani povu gumu, nje saruji nyembamba. Wanaziita paneli. Ukizigonga zinatoa mlio ambao ungekufanya uvue kofia ukae chini.

Nilipinga, unanijua. Baada ya matanga yako, pacha wangu alipoanza kunionyesha picha kwenye simu, nilimwambia nyumba haiagizwi kama sofa. Nimefanya kazi na wewe miaka kumi na miwili, watu wakikushangaa kumpa binti mwiko. Ulikuwa unagonganisha tofali mbili karibu na sikio langu na kusema, "Sikia, hii imeiva." Mimi najua nyumba ni nguzo za nondo na zege kwenye kona, tofali za kuchoma za Misungwi katikati, na mkanda wa zege juu wa kufunga yote. Doto akasema hiyo itachukua mwaka, na Mama hana mwaka. Hapo alinishika pabaya, kwa sababu ni kweli. Kile chumba alichopanga Buhongwa, baada ya ukuta wa nyumba ya zamani kuanguka, kilikuwa kinavuja, na yeye na miguu yake ile anahamisha godoro kila mvua ikinyesha. Tulitaka aingie kwake kabla ya vuli. Wote wawili tulitaka hilo hilo, na bado tukagombana mpaka shangazi akatukatia simu.

Sasa zamu yako, maana na wewe umeniudhi. Umejenga nyumba ngapi mji huu, na ni ipi iliyofuata ramani? "Ramani ni ya halmashauri, nyumba ni ya macho." Hayo yalikuwa maneno yako. Karatasi ikigongwa muhuri unaikunja, unaiweka mfukoni, na palipopinda unapaziba kwa plasta. Tofali inasamehe. Ukikosea vidole viwili unaongeza saruji, maisha yanaendelea. Paneli haisamehe kitu, Baba. Inakuja imeshakuwa ukuta, haina habari na macho ya mtu.

Na wewe ukaondoka umeirudisha kona ya jikoni ndani hatua nzima, kukwepa lile jiwe kubwa. Kwenye karatasi nyumba ina kona nne zilizonyooka. Kwenye ardhi zimenyooka tatu. Wewe uliyepasua mawe ya watu kwa moto maisha yako yote, tairi zinawaka kutwa kisha nyundo, la kwako ukalipisha njia kama mgeni wa heshima. Na hukumwambia mtu sababu.

Mafundi wa kiwanda walikuja na mashine inayotupa mstari mwekundu. Kufika saa sita mchana kuta za mbele na kulia zilikuwa zimesimama. Niliupima ule wa mbele kwa timazi yako walipokwenda kula, na nakwambia ukweli ingawa unaniuma: umenyooka kuliko ukuta wowote tuliowahi kujenga mimi na wewe. Nilikasirika nikashindwa hata kula.

Kisha wakaleta wa nyuma. Ukapita msingi, ukagonga jiwe. Msimamizi wao, mtu mpole mno, akaangalia ramani, akaangalia jiwe, akaniuliza nani alipima msingi huu. Nikamjibu, marehemu. Akanipa pole. Akasema ama jiwe lichomwe na msingi umwagwe upya, ama tusubiri paneli nyingine zitengenezwe, na hiyo ni zaidi ya mwezi. Doto akapiga simu kutoka Dar, tafuteni matairi mlichome leo leo.

Mama alikuwa amekuja kuona nyumba yake ikisimama, na mahali alipokaa ni juu ya jiwe lenyewe. Akasema taratibu, "Hili msilichome. Mimi ndiye nilimkataza baba yenu. Nikikaa hapa miguu inapumzika na ziwa naliona. Aliniambia nisiseme, mafundi wenzake watamcheka."

Baba! Mainjinia walikubembeleza uhamishe choo, ukakataa. Mchungaji alikuomba usogeze mlango wa kanisa, ukamwambia aendelee kuomba. Kumbe kwa Mama ulisogeza kona nzima na ukaona aibu. Nilicheka mpaka nikalia, mbele ya wanaume wenye kofia ngumu.

Basi, jiwe lilibaki. Kona ile niliijenga mimi, nguzo na tofali, nikifuata msingi wako jinsi ulivyopinda. Ilinichukua wiki tatu. Vuli haikunisubiri. Mama alilowa kule Buhongwa, kifua kikambana, akalazwa siku nne. Sasa hivi ni mzima, usiogope. Lakini wiki hizo tatu ndizo zilizonifanya nikuandikie, na haya mengine yote nilikuwa nazunguka tu.

Nilijua, Baba. Sababu sikuijua, lakini kona niliijua. Siku ile mimi ndiye niliyeshika ncha ya pili ya kamba. Nilikuona unang'oa kigingi, ukaniambia, "Shika kamba, usiulize." Doto kabla hajaagiza paneli aliniuliza, msingi uko kama ramani? Nikamjibu, "Ramani si unayo?" Nikakata simu. Nilitaka kuta zake zikwame. Nilitaka aone aibu kidogo tu, aniite, aniombe nimalizie kwa tofali. Na ndivyo ilivyokuwa. Aliniita, akaniomba, na nilipokuwa napandisha tofali zangu Mama alikuwa kitandani na dripu mkononi.

Wewe ulinyamaza kwa ajili yake. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya tofali.

Ameshahamia. Na kinachozidi kuniudhi ni kwamba chumba cha paneli kina ubaridi mzuri. Mama anasema hata muziki wa baa ya jirani hausikii, analala kama mtoto. Jikoni kwangu anapika, anasema kunatunza joto, nami sijui kama ananisifu au ananichokoza. Doto amewaambia ndugu wote kwamba kosa ni lake, kwamba alipaswa kupanda basi aje apime mwenyewe. Alimpigia Mama akamwomba msamaha huku analia. Nilikuwa nimekaa pembeni, nikamwacha aombe.

Jumamosi anakuja kuiona nyumba kwa mara ya kwanza. Nakuahidi, Baba, kabla hajanywa hata maji nitamwambia, Mama akisikia, kwamba niliulizwa nikaficha. Akinuna mwaka mzima ni haki yake. Akisema mimi ndiye niliyemlaza Mama hospitali, nitamwambia ndiyo.

Pumzika, Baba. Yako ilikuwa siri nzuri, lala nayo. Yangu imenishinda.

Mwanao,
Kulwa