Bangi ya Baba Kabatini

Ruphin,

Naenda mochwari na pasta. Ukitoka zamu ya usiku kule kiwandani Jacobs usilale kwanza, chai iko kwenye chupa. Wamama wa korali wanakuja kwa matanga ya baba yako na watalala chumbani kwako. Toa ule mmea wa bangi kabatini. ~~Itupe.~~ Usiitupe. Ifiche bafuni pamoja na taa yake ya neon.

Ulipanda bila kujua namna ya kuitunza, miche ya kwanza yote ikakauka. Baba yako alikucheka, lakini kila asubuhi alienda kuitazama hii iliyobaki, akingoja ikomae, labda ingempunguzia kutapika. Kansa haikungoja.

Leo nimeamka, nikawasha neon kama kawaida, nikaona imetoa ua. Nikamwita aje aone. Mara mbili nimemwita.

Mama