Mluzi wa Turbo Barazani kwa Mzee Sefu

Sumbawanga, Jumapili jioni

Na sijuti hata kidogo.

Miezi miwili turbo yangu, kifaa cha kuiongezea injini nguvu, ililala imezuiwa ofisini kwa balozi, kwa sababu jirani yangu Mzee Sefu, mwenye malori, alimwambia huyo balozi wa nyumba kumi kuwa ni ya magendo. Na ni yeye aliyeniuzia hili gari la mbio likiwa bovu, huku akinicheka!

Juzi nikarudishiwa, leo nimeifunga kwenye gari. Saa saba na nusu injini ikawaka. Nikapita mbele ya baraza lake mara tatu, turbo inapiga mluzi, vumbi lote kwake. Kwa uhaba huu wa mafuta, Jumapili baada ya saa nane mchana ni marufuku kuendesha, kwa hiyo nikawahi kuzima, nikawa uani nafuta vioo.

Mzee Sefu kwa hasira hakuangalia saa. Akapanda pikapu yake mbio hadi kituoni kunishtaki kwamba naendesha muda wa marufuku. Nasikia askari alimuuliza, "Na wewe umekujaje?"

Pikapu imebaki huko. Amerudi kwa miguu, kanzu nyekundu kwa vumbi. Atanitafutia kisa kingine, najua, na naogopa. Lakini nilimsubiri mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Sefu. Ningekupa lifti, ila saa nane imeshapita."