Shikamoo Haina Mtihani

Hounslow, Jumanne

Eti Kihispania kina adabu! Neema ananiambia hivyo mimi mama yake, jikoni kwangu, tena kwa Kiingereza.

Jioni nzima analalamikia masomo yake ya lugha hiyo. Kwa nini meza ihesabiwe mwanamke? Kwa nini neno "nyekundu" libadilike kufuata kitu? Kinachomtesa zaidi ni "wewe". Rafiki anaitwa tú, mtu mzima usted, na akichanganya kwenye mtihani wa kuzungumza anakatwa alama. Basi kasimama mbele ya friji akimsemesha mwalimu asiyekuwepo, usted huku, usted kule, na kichwa anainamisha.

Nikamwambia, "Mwanangu, heshima hiyo mbona sisi tunayo? Nimekufundisha tangu unatambaa."

Akajibu kwa Kiingereza chake kwamba hiyo ni tofauti, hiyo haina mtihani.

Haina mtihani! Nimemzaa mimi huyu?

Mara mama akapiga simu kutoka Tanga. Nikaweka spika, nikamsogezea Neema.

"Hi, Bibi!"

Basi. Kama anamsalimu mwenzake kituo cha basi. Nikamkazia macho, akageukia friji yake. Mama anazeeka, na sijui hawa wawili watakuja kuongea nini siku mimi nisipokuwepo katikati.

Nilishafungua mdomo nimpe vidonge vyake, lakini mama alikuwa ameshaitikia.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Aliitikia shikamoo ambayo hakupewa. Tena aliitikia haraka, kama mtu aliyekwisha kuzoea.