Kaka Uliyempa Kamanda wa Chuma Sauti

Kaka yangu,

Mama aliniambia nikuandikie urudi nyumbani. Aliniambia Jumapili, mbele ya mgeni, nami nikaandika mistari miwili. Mistari hiyo nimeichana. Hatujui unalala wapi huko Kenya, ila najua huwezi kupita karibu na gazeti bila kulisoma, hata likiwa limefungiwa samaki, kwa hiyo naandika hapa, mahali pa watu wote. Sitataja jina lako, wala langu, wala la huyo mgeni. Utajijua mwenyewe, naye utamjua.

Nataka kwanza tuirudie siku ile. Hatukuwahi kuizungumza, maana wewe ulikuwa huwezi kufungua mdomo na mimi sikuthubutu kuufungua wangu.

Unakikumbuka kibanda cha video cha mtaani kwetu Kamwokya, mbao na mabati, turubai jeusi mlangoni. Wenzako walitafsiri filamu kwa Kiganda. Jumapili mchana ilikuwa zamu yako ya Kiswahili, kwa ajili ya askari na familia zao, Wakenya wa sokoni, na Wakongo. Watu walidhani unajua Kiingereza. Kiingereza kilikuwa changu. Nilikaa sakafuni nyuma ya meza, hakuna aliyeniona, nikawa nakunong'oneza maana, na wewe ukawa na maikrofoni na koo. Nilipenda hivyo. Darasani mwalimu akiniuliza swali, sauti inanikauka hata kama jibu ninalo. Pale maneno yangu yalitokea mdomoni mwako na kibanda kizima kikacheka.

Siku ile mwenye kibanda alileta mchezo wa zamani wa televisheni, ule wa mfululizo, lakini kanda ilikuwa ya sehemu ya kwanza peke yake. Alisema tukiipenda atatafuta nyingine. Chombo kikubwa kinapita kati ya nyota kimebeba watu waliokimbia dunia yao iliyoungua, halafu kinaanguka kwenye sayari ambayo wenyeji wake wanatawaliwa na jeshi la watu wa chuma. Kilipogonga chini ukasema kwa sauti ya kondakta, "Wa Nateete shukeni. Wa Nakawa kaeni, bado." Mkongo mmoja muuza vitenge akauliza kutoka nyuma kama ukifia njiani nauli inarudishwa. Ukamwambia maiti wanalipa nusu, kwa sababu hawasumbui.

Abiria walikufa upesi. Sina haja ya kuficha kuwa hiyo ndiyo sehemu tuliyoipenda. Askari wa chuma walitoa moto viganjani, na kila waliyemgusa aliungua akabaki umbo la majivu lililosimama, mkono bado umeinuliwa kuomba, kisha likaporomoka. Walimchoma mama na mtoto wake kwa mguso mmoja. Kibanda kilipiga makofi, na sisi tulipiga. Ni sisi hawa hawa ambao baada ya vita tulikwenda shule tukipita maiti kando ya barabara, tumeziba pua kwa kola za sare. Za kwenye kioo hazikuwa na harufu.

Kisha kamanda wao akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Akagonga mlango kwa ngumi, akatoka baba mmoja, watoto wamejibanza nyuma yake. Kamanda akasema sentensi ndefu. Nikakunong'oneza kwamba anamwambia ajisalimishe, hatadhurika. Ukanyamaza. Nilidhani hukusikia, nikarudia. Ukasogeza maikrofoni hadi ikagusa midomo, na sauti iliyotoka haikuwa yako ya mchezo.

"Wewe polisi ya zamani, kuja hapa. Vua viatu. Mahali unaenda hakuna mawe."

Kaka, kibanda kililipuka. Walicheka wakipiga mapaja, walicheka hadi wakafuta machozi, kwa sababu hapakuwa na mtu mle ndani ambaye hakuwahi kuamrishwa na sauti ya namna hiyo kwenye kizuizi au mlangoni kwake. Mimi peke yangu sikucheka. Nilikuwa nyuma ya pazia pamoja nawe asubuhi ile waliyomchukua Baba, polisi wa serikali iliyoangushwa, bakuli la uji mkononi, tulipoyaona mabuti na kuisikia sentensi hiyo, neno kwa neno. Uso wa aliyeisema hatukuuona. Tuliiona miguu yake ikitoka peku juu ya kokoto. Mama aliviweka viatu vya Baba chini ya kitanda, na hata miguu yako ilipokua ikatosha, hukuvivaa. Hukuwahi kuitamka sentensi hiyo. Ukaja kuitamka mbele ya askari, kwenye maikrofoni.

Kwenye benchi la pili alikuwa amekaa yule afande tuliyemwamkia kila siku, aliyekuwa akitununulia kabalagala, zile chapati ndogo za ndizi, na kusema mimi nitakuwa daktari. Alivaa kiraia, isipokuwa mabuti. Akainuka polepole, akaja hadi mezani, akakuuliza nani alikufundisha hayo maneno. Ungeweza kusema yametoka kwenye filamu. Ungeweza kunyamaza.

"Nimeyasikia kwa kamanda, afande," ukasema, na maikrofoni ilikuwa bado wazi.

Wakacheka tena. Akakunyang'anya maikrofoni, akakupiga nayo usoni. Kila pigo lilipita kwenye spika. Tuliisikia taya yako ikivunjika kwa sauti kubwa kuliko mizinga ya filamu, na kila mtu ambaye alikuwa anacheka alikuwa sasa anagombania mlango. Waliangusha ukuta wa mbao. Wewe ulipoanguka akaendelea kwa mabuti, mbavu, kichwa, mbavu. Nilimshika mguu kwa mikono yote miwili, akawa ananiburuta nao kila alipourusha, nikahisi teke linapita kwangu kabla halijafika kwako. Damu yako iliniingia machoni. Kwenye kioo watu wa chuma waliendelea kuchoma mji, bila mtu wa kuwatafsiria. Aliacha alipochoka. Sitasema alihurumia.

Hospitali walikufunga taya kwa waya, nikawa nakunywesha uji kwa mrija. Siku waya ilipotolewa ukapanda lori tupu la mahindi lililokuwa linarudi Busia, mpakani. Tangu hapo Mama anapakua sahani yako kila jioni, halafu chakula hicho anakirudisha sufuriani.

Sasa nifike kwa mgeni wa Jumapili. Ni yeye, afande. Alikuja na kilo ya nyama na sukari, akakaa kwenye kiti chako. Alisema kijana arudi, mambo yale ya kibanda ameyasahau.

"Mimi nimemsamehe," alisema.

Mama akapiga magoti, akamshukuru. Usimhukumu. Angempigia magoti hata mbwa kama mbwa angekurudisha. Kisha akanitaka nichukue karatasi niandike palepale ili afande aone, na nikaandika: Kaka, rudi, umesamehewa. Nilipomaliza neno hilo kalamu ikagoma. Unaijua sauti yangu ilivyo. Sikujua kuwa ninasema mpaka nilipojisikia.

"Afande, baba yetu alivua viatu. Mlimpeleka wapi?"

Alinipiga kibao kilichonirusha juu ya sigiri. Makaa yakamwagika mkekani, jino likapita kwenye mdomo wangu wa chini. Akanifuata, akanikanyaga mkono niliokuwa nimeshikia kalamu, akausagia buti. Mama alikuwa anazima makaa kwa viganja vyake vitupu na kumwomba, afande, ni mtoto, afande. Ghafla afande akaacha. Akaokota kofia yake, akasimama mlangoni ametugeuzia mgongo, na aliposema alisema taratibu, kama mtu aliyechoka.

"Sisi tulikuwa tunatumwa tu."

Akaondoka. Mama hakunyanyuka upesi. Alikaa sakafuni akitazama ule mlango, viganja vimevimba malengelenge, nami nikaona kuwa ameelewa kile ambacho mimi na wewe tulikuwa tunakiogopa kwa miaka yote kuhusu mabuti ya asubuhi ile. Kisha akaichukua ile nyama, sisi ambao hatujala nyama tangu Pasaka, akaitupa mtaroni. Akarudi akanifuta damu kwa kanga yake.

"Andika asirudi," akasema. Akageukia ukutani.

Kwa hiyo usirudi, kaka. Ukiletewa habari kwamba umesamehewa, hata ikija kwa mwandiko wangu, hata ikiwa na jina la Mama, usiiamini. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana nimechelewa. Mwaka huu namaliza kidato cha nne. Nikiweka kalamu ya mtihani wa mwisho chini, nitavuka mpaka nikutafute, mji kwa mji, na kila nitakapofika nitalitaja jina lako kwa sauti mbele ya watu nisiowajua, mpaka mmoja wao anionyeshe mlango wako.

Baki mbali, ubaki hai.

Mdogo wako wa kike