Kopo la Maganga

Jumatatu, 4 Machi 1974

Zahanati tena. Foleni tena. Nesi kasema inuka kitini, tembea mpaka getini, rudi. Anatupima kwa saa. Nimerudi nahema. Zamani nilikuwa natoka Mbagala na tenga la mihogo kichwani, na jioni nacheza ngoma.

Daktari kaeleza upya. Wazee wa baridi yabisi tunajaribiwa dawa. Wengine tumepewa dawa yenyewe, wengine vidonge vya unga mtupu, ili ijulikane dawa inafaa au haifai. Nani kapata kipi, hata nesi hajui. Kila mtu na kopo lake lenye namba. Sote tulikubali.

Maganga naye yumo. Jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Yeye Mnyamwezi, mie Mzaramo, watani. Mbele za watu ananiita mke wangu.

Jumatano, 10 Aprili

Hakuna nafuu. Maganga siku hizi fimbo anaiacha nyumbani. Kabeba magunia bandarini maisha yake yote, mwili wa chuma ule. Namwonea wivu.

Tatu atatolewa mwali mwezi wa sita. Mjukuu wangu wa pekee. Mwali hutolewa kwa mdundiko, na mdundiko hauchezwi umekaa. Ngoma inatembea mtaa hadi mtaa, nawe nyuma yake. Nilipotolewa mie tulikwenda nayo mpaka Mtoni, vumbi mpaka kwenye kope. Marehemu mume wangu Salum aliniona siku ile. Na usiku wa Uhuru tulicheza mie na yeye mpaka kiatu chake kikaachia soli, akarudi nyumbani pekupeku anacheka.

Sasa niangalie. Nyumba ya tatu tu siifikii. Nilikaa kizingitini nikalia. Maganga kaniona, kapita bila kunitania. Si kawaida yake.

Alhamisi, 11 Aprili

Shetani mkubwa. Kaingia jikoni, kachukua kopo langu la vidonge, kaniachia lake. Ati la kwake limechubuka, langu zuri. Nikamfuata na mwiko. Nitamfikia wapi.

Mtani hashtakiwi. Akichukua kachukua. Lakini huu ni utani gani? Huenda dawa ilikuwa kwangu. Kaniibia mdundiko wangu. Nikimwambia nesi tutaondolewa wote, kwa hiyo nimenyamaza. Nimekasirika mpaka ugali wa yanga, huu wa mahindi ya njano, umenishinda.

Ijumaa, 17 Mei

Nimechuchumaa na nimeinuka. Sikushika ukuta.

Kumbe mwizi kaiba unga! Nimecheka peke yangu jikoni. Fimbo ya Maganga imerudi mkononi. Nimemwambia malipo ni hapa hapa duniani. Kacheka, kaomba chai.

Jumamosi, 29 Juni

Tumemtoa Tatu. Kapendeza mtoto, kama mama yake. Ngoma ilipolia nikajifunga khanga kiunoni, nikaingia. Nimekwenda nayo mtaa kwa mtaa mpaka msikitini na kurudi. Jasho, vumbi lile lile. Nilikuwa namtafuta Salum kwenye watu.

Maganga kakaa barazani kwake, mguu kaunyoosha juu ya gunia. Nikasimama mbele yake nikakatika. Nikaimba mume wangu kachakaa, nitafutieni mwingine. Watu hoi. Naye akapiga makofi.

Jumatano, 3 Julai

Nesi kasoma namba za makopo. Basi, tumekamatwa. Daktari kakasirika, na ana haki, kazi yake ya miezi tumeivuruga. Tumeondolewa wote wawili, na vidonge vimechukuliwa.

Kisha katwambia. Kopo langu la mwanzo lilikuwa unga. Dawa ilikuwa kwa Maganga. Akamuuliza, mzee, kabla ya kubadilishana hukuona nafuu?

"Niliiona, daktari. Magoti yalishanyamaza. Ila mie sina mwali wa kutoa."

Nina aibu. Nilimkatikia mbele ya watu, na miguu ilikuwa yake.

Jumapili, 21 Julai

Magoti yameanza tena, hasa asubuhi. Nimepika maharage ya nazi. Nikachukua bakuli na kigoda, nikaenda barazani kwa Maganga pole pole. Kauliza mbona nimechelewa, mume ana njaa.

Sikujua mtani anaambiwaje asante. Nikatwaa kijiko chake, nikala wa kwanza. Kaniacha nile.

Upande wa Tandika walikuwa wanatoa mwali. Tuliisikiliza ngoma mpaka ikapita.