Mlenda kwenye uwanja wa kikapu

Jumatano.

Siku tatu nimekwangua rangi ya zamani kwenye uwanja wetu wa kikapu hapa nyumbani, nikaziba nyufa, na leo alfajiri nikapaka rangi mpya kabla jua halijaichoma sakafu. Kisha nikaenda kazini Mtumba.

Narudi, mama mkwe, aliyekuja juzi kutoka Mlali, ameanika majani ya mlenda uwanja mzima. Hata rangi haikuwa imekauka! Yote yamegandia. Na Jumamosi timu ya binti yangu inakuja kucheza hapo.

Nikameza hasira, nikamwamkia.

"Marahaba. Mkwe wangu, rangi yako imeniharibia mlenda."

Nikajikuta naomba radhi. Mimi!

Jioni tukaletewa ugali na mlenda mbichi uliobaki bila kuanikwa. Nimeula wote, bora uishe.